Pytest imetuokoa na kuandika majaribio yaleyale mara mbili

Mfumo wetu wa malipo umeandikwa kwa Python, na majaribio yake, yaani vipande vya msimbo vinavyokagua kama mfumo unafanya kazi sawasawa, yamepita mikononi mwa watu wengi, baadhi yao walishaondoka zamani. Mgeni akija huandika upya jaribio ambalo tayari lipo, kwa sababu hajui pa kulitafuta. Pytest, zana ya kuandika na kuendesha majaribio ya Python, ndiyo iliyotuondolea adha hiyo.

Amri ninayoitumia kuliko zote ni `pytest --collect-only -q -k simu`. Haiendeshi jaribio lolote. Inatoa tu orodha ya yale yenye neno "simu" kwenye jina la faili, klasi au fankisheni. Nilipopewa kazi ya kusawazisha namba za simu za wateja, niliona mara moja kwamba namba za 07 na za +255 zilishajaribiwa. Zilizosahaulika ni zile za 255 zisizo na alama ya kujumlisha. Jaribio lenyewe lilitumia `parametrize`, inayoendesha jaribio moja kwa data tofauti tofauti, kwa hiyo niliongeza mstari mmoja wa data, basi.

Kilichonifurahisha zaidi ni fiksicha, yaani vipande vya maandalizi: hifadhidata ya majaribio, mteja wa mfano, salio lake. Ukiviweka kwenye faili la `conftest.py`, kila jaribio la folda hiyo na zilizo chini yake linavipata kwa kutaja jina tu, bila `import`. Nayo `pytest --fixtures` inaviorodhesha pamoja na maelezo yaliyoandikwa ndani yake. Nawasihi wenzangu kila siku: andikeni maelezo hayo, hata sentensi moja, mwenzenu wa kesho atayahitaji.

Kasoro zipo. `-k` inaangalia majina, haijui jaribio linafanya nini, hivyo lililoitwa `test_2` litabaki limejificha. Tena fiksicha mbili zikigongana jina, iliyo karibu zaidi na jaribio ndiyo inayotumika, na huonywi. Unaweza kudhani unatumia salio la mteja huyu kumbe ni la mwingine. Ukiwa na shaka endesha `pytest --fixtures-per-test`, utaona kila jaribio linatumia ipi na imetoka faili gani.

Wenye majaribio ya zamani ya `unittest`, maktaba ya majaribio inayokuja na Python yenyewe, wasihofu, pytest inayaendesha kama yalivyo. Ila `parametrize` haifanyi kazi ndani ya klasi za `unittest.TestCase`, sisi hizo tunazihamisha moja moja, kila tunapopata sababu ya kuzigusa.