Igizo la kahawa ghalani Moshi: harufu wameipatia, spika waizime

Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa, upande wa Uru, kwa miaka 19. Kwa hiyo binti yangu aliponipeleka kwenye igizo la kahawa ndani ya ghala la zamani hapa Moshi mjini, niliingia kama mkaguzi. Kiingilio ni shilingi 10,000, watu 30 kwa zamu, na viti hakuna.

Mlangoni unavua viatu. Ndani ni giza, unakanyaga majani makavu ya migomba, halafu tope la baridi kama ukingo wa mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia. Kisha inakupiga harufu. Wangeweza kukaanga kahawa kidogo, kila mtu akafurahi. Wao wameleta ile ya kahawa iliyomenywa ikalala kwenye pipa hadi ute uchachuke, harufu kali inayopanda puani, ambayo anayeijua kahawa ya kikombeni tu hajawahi kukutana nayo. Hapo nikajua hawa vijana wameuliza wenyewe wa kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga.

Mnasimamishwa kwenye meza ya wavu mnachambua, mnatoa punje zilizovunjika na nyeusi. Dakika kumi hakuna anayesema neno. Mikono yangu ilijiendea yenyewe.

Halafu mizani. Mama aliyechuma, akamenya, akaosha, anapimiwa gunia lake, na karani anaita jina la mumewe aje kupokea fedha. Kengele inalia: mtazamaji anayeona vingine aingie achukue nafasi ya mwigizaji. Ni mtindo aliouanzisha Augusto Boal wa Brazil, na huku kwetu kina Penina Muhando na Amandina Lihamba walishapeleka sanaa za maonyesho vijijini miaka ya 1980, wanakijiji wakaigiza mambo yao wenyewe.

Akaingia mama mmoja wa makamo, akalikumbatia gunia. "Karani, mwanangu, andika jina langu."

"Mama, kadi ya chama ni ya mzee."

Jibu hilo nimelitoa mimi mara nyingi, kwa sauti hiyohiyo ya upole. Nilitaka sana kusikia yule mama atasema nini. Sikusikia! Wakati huohuo spika zilimwaga mvua ya kwenye bati, kubwa kuliko masika, na maneno yake yakapotelea humo. Ukishamwandaa mtu kwa miguu, pua na mikono mpaka akafungua mdomo, mpe ukimya. Nilimwambia kijana wa mitambo, akaandika kwenye daftari lake. Moshi wa kuni mbichi nao wapunguze, wazee tulikohoa.

Wanaendelea kila Jumamosi hadi mwisho wa mwezi. Jumamosi hii narudi na mke wangu. Akitaka kuingia ashike gunia, mimi nitaomba nafasi ya karani.