Chokoleti za Krismasi: za kuviringisha au za kalibu?

Za kuviringisha ndizo rahisi, na kusema kweli ndizo tamu zaidi. Pasha gramu 100 za krimu mpaka ianze kutoa mapovu pembeni mwa sufuria, imimine juu ya gramu 200 za chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa, subiri dakika mbili, kisha koroga taratibu kuanzia katikati. Rojo likishapoa na kushikana kwenye friji, chota kwa kijiko, viringisha viganjani, garagaza kwenye unga wa kakao. Mikono itachafuka, hilo halikwepeki (watoto hawatalalamika). Tatizo ni krimu, haikai. Zitunze kwenye friji na ziliwe ndani ya wiki moja hivi.

Za kalibu, yaani chokoleti iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye vifinyango ikagandia humo, hung'aa, hukatika kwa mlio, na zikiwekwa mahali pakavu penye ubaridi hukaa miezi. Ila zinadai kipimajoto. Chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 hivi za Selsiasi, ikapoozwa hadi 27, halafu ikapashwa tena hadi 31 au 32. Ukiruka hatua hizo, mafuta ya kakao huganda ovyo na chokoleti hutoka na madoa meupe. Inalika, lakini kwenye boksi la zawadi haipendezi. Na matone machache tu ya maji yakiingia wakati wa kuyeyusha, chokoleti yote huwa mabongemabonge.

Za kutuma mbali, basi, tumia kalibu. Za kuliwa nyumbani mkesha wa Krismasi, mimi sihangaiki na kipimajoto.