Kupima kinyesi cha punda kabla ya kununua dawa ya minyoo: uzoefu wangu, Masasi

Nyota nne kati ya tano. Nazungumzia huduma ya maabara ya mifugo ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Nilipeleka sampuli za punda wangu watatu wa mkokoteni, wale wanaobeba korosho kwenda ghalani na maji wakati wa kiangazi.

Wanalala zizi moja na kula majani yale yale chini ya mikorosho, nikategemea majibu yafanane. Wapi! Wawili walikuwa chini ya mayai 200 kwa gramu, na yule jike mnene kuliko wenzake akapita 1,000. Mtaalamu hakushangaa. "Ndivyo ilivyo, kaka. Iwe farasi au punda, wachache ndio wanaotoa mayai mengi ya kundi zima. Huyo ndiye anayewapandia wenzake minyoo."

Basi dawa ya ivermectin ikanunuliwa ya mmoja tu, kwa kipimo cha uzito wake. Wiki mbili baadaye tukapima tena, hakuna yai lililoonekana. Hao wawili kuachwa si ubahili: minyoo yao haijaonja dawa, hivyo usugu wa minyoo dhidi ya dawa hauenei haraka. Dawa ya albendazole tuliyoizoea kwa mbuzi, minyoo midogo inayoishi ndani ya farasi na punda imeshaishinda sehemu nyingi duniani. Ila jibu la sifuri lisikulevye. Lava, yaani minyoo michanga, waliojichimbia kwenye ukuta wa utumbo mpana hawatagi, na ivermectin haiwafikii vizuri.

Kilichonifaa zaidi, na sikukilipia, ni maelezo ya malisho. Yai huanguliwa ndani ya kinyesi, na kwa joto letu lava anaweza kuwa tayari kuambukiza ndani ya wiki moja hivi. Mvua ndiyo inayomtoa kwenye donge na kumfikisha kwenye majani. Jua la Septemba humkausha akiwa wazi, lakini donge lenye unyevu ndani humtunza mpaka mvua za Desemba. Kwa hiyo sasa nazoa mavi mara mbili kwa wiki na kuyarundika mbali. Rundo likishika moto wake wa ndani, lava wanakufa, na mke wangu anapata samadi ya mchicha. Mbuzi nao nawapitisha walipokula punda, maana lava wengi wa punda hawakui tumboni mwa mbuzi.

Nyota iliyopungua ni ya sampuli. Hakuna aliyeniambia kwamba kinyesi kikipata joto njiani mayai huanguliwa kabla ya kuhesabiwa. Mzigo wa kwanza ulisafiri kwa basi kwenda Mtwara mchana kutwa, ukakataliwa, nikalipa tena. Fomu yenyewe ina ng'ombe, mbuzi na kuku. Punda nilimwandika pembeni.

Ukituma, okota kinyesi kibichi, sehemu isiyogusa udongo, kamua hewa yote kwenye mfuko, weka na barafu kwenye boksi la samaki, na upande basi la alfajiri. Ijumaa usitume.