TAHADHARI Kigoma: waya wa HDMI wenye mikia mitatu ya rangi hautoi picha, msiuziwe

Ndugu zangu wa Mwanga, Gungu, Ujiji na wote mnaokuja mjini kununua vifaa, naomba msome hili kabla hamjatoa pesa.

Mama yangu yuko Ujiji na TV yake ya chogo, inchi 21. Picha bado safi, na habari za flati hataki kuzisikia. King'amuzi chake kiliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, nikampelekea kingine. Hicho kipya nyuma kina tundu la HDMI tu, lile bapa la TV za flati, yale matatu ya njano, nyeupe na nyekundu hakina. Nikaingia duka moja pale Mwanga, nikaeleza kila kitu: TV ni ya chogo, king'amuzi ni cha HDMI. Kijana wa dukani akatoa waya, upande mmoja kichwa cha HDMI, upande wa pili mikia mitatu ya rangi. "Hii ndiyo yenyewe kaka. Chomeka huku, chomeka kule, bonyeza AV, picha hiyo." Elfu 18. Nikaomba tuujaribu, akasema dukani hana TV ya chogo. Nikalipa, risiti sikupewa.

Tulihangaika nao hadi saa nne usiku. Hakuna picha wala sauti.

Kesho yake nikarudi, na kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Hakukana kwamba ameniuzia yeye. Alisema waya ni mzima, TV ya mama ndiyo mbovu, AV yake (yale matundu ya rangi) imekufa, na kwamba ana fundi wake wa kuja kuifungua na kubadilisha, elfu 30. Nusura nikubali, maana mama alishaanza kulia na tamthilia yake. Jamani, TV ya chogo haifunguliwi na mtu wa kubahatisha. Bomba la picha lina volti zaidi ya 20,000, na umeme huo unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Kumpeleka mtu afungue kifaa kizima ili kuficha uongo wa waya ni kucheza na roho za watu.

Nikamwita mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu. Hakugusa bisibisi. Alichukua deki ya zamani, akachomeka nyaya zake tatu za kawaida kwenye TV ileile, njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu. Picha na sauti vikatoka papo hapo. Kisha akaupasua ule waya wangu mbele ya mama: ndani ya kichwa cha HDMI hamna kitu zaidi ya nyaya zilizolehemewa kwenye pini.

Alinieleza hivi, nami nimehakikisha. HDMI hupeleka picha kidijitali, yaani kwa mfululizo wa tarakimu, kupitia kichwa chenye pini 19. Waya wa njano hupeleka picha kianalojia, volti inayopanda na kushuka, picha nzima ikipita kwenye uzi mmoja wa shaba. Mweupe na mwekundu ni sauti tu, kushoto na kulia. TV ya chogo haina kitu cha kuzisoma zile tarakimu. Lazima katikati akae mkalimani, kifaa chenye saketi ndani, na kifaa hicho kinakula umeme. Waya mtupu usio na kiboksi wala mahali pa kuchomeka chaji ya USB hauwezi kuifanya kazi hiyo, hata ungepakwa dhahabu.

Kinachotakiwa ni konvata, kile kiboksi kidogo. Nacho kina mtego: vipo vya aina mbili vinavyofanana kama mapacha. Chenye maandishi HDMI2AV kinatoa picha kwenye king'amuzi na kuipeleka kwenye TV ya chogo. AV2HDMI kinafanya kinyume, na huwezi kukigeuza. Soma juu ya kiboksi mwenyewe, usisomewe. Kina pia swichi ndogo ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za TV. Iweke kwenye PAL, maana ukikosea, kwenye baadhi ya TV picha hutoka bila rangi au inabiringika.

Na kabla hujanunua hata hicho, geuza king'amuzi chako uangalie kama kina tundu dogo la duara, kama la headphone, limeandikwa AV. Likiwepo, konvata huihitaji, unahitaji waya wenye pini ndogo upande mmoja na mikia mitatu upande wa pili. Nyaya hizi hazipangwi sawa zote. Ukisikia mngurumo bila picha, jaribu kuchomeka mkia mwekundu kwenye tundu la njano, mara nyingine picha imepitia huko. Jirani yangu aliambiwa TV yake imekufa kwa jambo hilohilo.

Pesa yangu sikurudishiwa. Mimi nakaa mjini, naweza kwenda kumsumbua kila siku. Lakini wateja wake wengi ni watu wa vijiji vya ziwani. Mtu akishapanda boti Kibirizi kurudi Mwamgongo au Kagunga, nauli ya kuja kudai elfu 18 inamshinda, na muuzaji analijua hilo vizuri.

Jumamosi nimepita tena, nyaya zilezile zimening'inia mlangoni. Mwenye ndugu huko juu ziwani amtumie picha ya waya huo leo, na amwambie ajaribishiwe hapohapo dukani kwenye TV inayowaka, au aondoke na pesa yake.