Uzoefu wangu na podikasti ya The Trojan Horse Affair: nani aliandika ile barua?

Nimemaliza sehemu zote nane za The Trojan Horse Affair, podikasti ya Serial Productions na gazeti la New York Times iliyotoka Februari 2022, na bado moyo unanichemka. Karatasi chache zisizo na saini wala tarehe zimewaharibia walimu kazi zao.

Kisa ni cha Birmingham, Uingereza. Mwishoni mwa 2013 halmashauri ya jiji ilipokea barua iliyodai kuna Waislamu wanaopanga kuwang'oa walimu wakuu na kuziteka shule. Machi 2014 ikavuja magazetini. Waziri wa elimu, Michael Gove, akamteua Peter Clarke achunguze, na huyu aliwahi kuongoza kikosi cha kupambana na ugaidi cha polisi wa London. Mambo ya shule, anaitwa mtu wa ugaidi! Sisi tuliokulia Pwani na kofia zetu kichwani hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Park View, shule ya mtaa wa Alum Rock, ilikuwa imepewa na wakaguzi daraja la juu kabisa mwaka 2012. Baada ya barua ikashushwa hadi la chini. Walimu wakafikishwa mbele ya jopo la nidhamu, na mwaka 2017 kesi ya viongozi wa shule ikavunjika kwa sababu mawakili wa upande wa mashtaka hawakuwapa utetezi nyaraka walizostahili kuzipata. Kumbe kamati ya bunge ilishasema tangu 2015 kwamba hakukuwa na ushahidi wa njama ya kudumu.

Watangazaji ni Hamza Syed, Mwislamu wa Birmingham aliyeacha udaktari akaingia uandishi wa habari, na Brian Reed, Mmarekani mzoefu wa kazi hii. Wanang'ang'ania swali moja: nani aliiandika? Wakubwa wengi hawakuona haja ya kuuliza. Kilichonishika zaidi ni habari za shule ya msingi ya Adderley, ambayo barua inaitaja. Wasaidizi wanne wa walimu walitolewa kazini kwa barua za kujiuzulu ambazo wao wenyewe walisema ni za kughushi. Hapo niliacha kila nilichokuwa nikifanya nikasikiliza tu.

Napenda pia kwamba hawafichi mivutano yao. Hamza anamwandikia mtu wanayetaka kumhoji na kufunua wazi anachokiamini. Reed anambana, na tunawasikia wakibishana. Mimi niko na Hamza. Mtu anayeona jamii yake ikitukanwa hawezi kuambiwa ajifanye jiwe.

Lakini kuna upungufu. Malalamiko ya walimu wanawake na maneno machafu yaliyokutwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha walimu wa Park View yanapitiwa haraka. Waandishi wengine Uingereza waliwashutumu kwa hilo, na nakubaliana nao. Barua kuwa ya uongo hakufuti dhuluma ya mwalimu aliyedharauliwa kazini.

Lafudhi za Birmingham zitawasumbua baadhi yenu. Maandishi ya kila sehemu yanapatikana, yafungueni huku mkisikiliza. Anzeni sehemu ya kwanza bila kuruka, maana majina ni mengi. Ukiwa mwalimu, mjumbe wa bodi ya shule au mwanafunzi wa uandishi wa habari, isikilize wiki hii.