Semina ya lugha kazini: nyota tatu, na sababu ya kuwanyima mbili

Karakana yetu iliwaita wakufunzi waje kutufundisha kuhusu lugha kazini, na mimi kama msimamizi wa mafundi nilikaa nao mwanzo hadi mwisho. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na zote zimetokana na kipindi cha mchana.

Asubuhi tuligawiwa orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Mkufunzi akayapitia moja baada ya jingine, mafundi wakacheka chini chini, muda ukaenda. Orodha ile inahesabu kila neno kuwa kosa, liwe limetamkwa wapi na kwa nani. Karakana haiendi hivyo. Spana ikiteleza ukajigonga vidole kwenye injini, neno litakutoka kabla hujalifikiria, na hakuna aliyetukanwa. Mwaka 2009 Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, walichapisha jaribio la watu waliotumbukiza mikono kwenye maji ya barafu: walistahimili muda mrefu zaidi walipotamka neno chafu kuliko walipotamka neno la kawaida. Nililisema hilo darasani, kijana mmoja akafurahi kana kwamba nimempa kibali. Nikamwongezea jaribio la Stephens la mwaka 2011: aliyezoea kutukana kutwa nzima, dawa hiyo humfaa kidogo tu.

Lakini mtu akimrushia mwenzake maneno, hilo ni jambo jingine kabisa. Fundi mkuu anayemwita mwanafunzi wake zuzu mbele ya mteja hajagusa hata neno moja la kwenye orodha ile. Matokeo yake, kesho kijana ataona aibu kuuliza nati za gurudumu zikazwe kiasi gani, na gari litatoka hivyo hivyo kwenda barabarani. Hilo naliogopa kuliko matusi yote ya nguoni yanayotupiwa boliti yenye kutu.

Mchana akaja mkufunzi mwingine, mama mtulivu, na hapo semina ikaanza kweli. Alitugawia vikaratasi, kila mmoja aandike bila jina maneno aliyowahi kuambiwa kazini akashindwa kuyasahau. Akavichanganya, akavisoma kwa sauti. Vingi havikuwa na tusi. “Wewe hata kufagia huwezi.” “Nani alikuleta hapa?” “Nyamaza, wakubwa wanaongea.” Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi mmoja mwenye umri mkubwa aliomba kimoja kisomwe tena, kisha akauliza kama ni yeye aliyeyasema. Mama yule hakumjibu. Alimwambia tu kwamba swali lake limetosha, akaendelea na kingine. Kwa ustadi ule peke yake nampa heshima zote.

Kisha akatueleza Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa kupinga ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa mwaka 2019, kwa lugha ambayo kila mtu aliielewa. Wengi wetu tulidhani unyanyasaji ni lazima urudiwe rudiwe. Mkataba unasema hata tukio moja linaweza kuhesabika, unamlinda mpaka mwanafunzi wa ufundi, na unagusa saa za mapumziko na ujumbe wa kikazi kwenye simu. Maswali yalikuwa mengi, na aliyajibu bila haraka.

Sasa kasoro kubwa. Wakurugenzi walifungua semina kwa hotuba, wakaondoka, na wakufunzi hawakufanya lolote kuwabakiza. Utafiti wa Yehuda Baruch na Stuart Jenkins wa mwaka 2007 uliona kuwa maneno makali huweza kujenga mshikamano baina ya wafanyakazi wenyewe, na ukawaelekezea viongozi hoja yake. Nasi kwetu viongozi ndio hawakuwepo. Vikaratasi vile vilisomwa kwa watu walioviandika, huku wale ambao sauti zao hufika mbali zaidi wakiwa ofisini na chai yao. Kampuni ya mafunzo inayojua kazi yake ingelikataa hilo tangu siku ya makubaliano.

Ukitaka kuwaita, mwulizie mama wa mchana na uwaambie orodha waiache. Mimi nimeshaomba arudi kwa nusu siku, na nimeandika sharti moja kwenye barua: hatutaanza mpaka wakurugenzi wote wawe wameketi, na kila mmoja apewe kikaratasi chake.