Briar kwenye Android: chaji inaliwa na kusubiri, si kutuma

Briar ni programu ya kutumiana ujumbe, na haina seva ya katikati. Simu zinatafutana zenyewe: kwa Bluetooth mkiwa karibu, kwa Wi-Fi mkiwa kwenye ruta moja, kwa Tor (mtandao wa intaneti unaoficha nani anawasiliana na nani) mkiwa mbali. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na betri.

WhatsApp kwenye Android huamshwa na huduma ya arifa ya Google, muunganisho mmoja unaotumiwa na programu nyingi. Briar haipiti huko, kwa hiyo inashikilia muunganisho wake wa Tor muda wote. Ukiwa kwenye data ya simu, hata kidata kidogo huiamsha redio, nayo hailali papo hapo. Hukaa macho sekunde kadhaa ikingoja kingine. Mnara ukiwa mbali, redio huongeza nguvu ya kurusha, na hapo ndipo simu inapopata moto mfukoni. Wi-Fi ina nafuu kubwa.

Nilivyoiweka: kwenye mipangilio ya miunganisho nimezima matumizi ya data ya simu, nikaacha Wi-Fi na Bluetooth. Lipo pia chaguo la kutumia Tor wakati wa kuchaji tu, linalofaa kwa betri iliyochoka. Ubaya wake ni kwamba ujumbe wa mbali utafika pale tu nyote wawili mtakapokuwa hewani kwa pamoja.

Kasoro hiyo inatibiwa na Briar Mailbox, programu yake saidizi, na kwangu ndiyo iliyoifanya programu hii itumike kila siku. Chukua simu ya zamani ya Android, iache nyumbani kwenye chaja na Wi-Fi, weka Mailbox, kisha skani msimbo wake wa QR kwa simu yako. Inapokea ujumbe ukiwa umefungwa kwa siri na kukutunzia mpaka uunganishe.

Usiiwekee Briar kizuizi cha betri, hata kama unabana chaji. Android itailaza na ujumbe hautaingia, na simu nyingine zina kiokoa betri cha ziada kinachoizima kimyakimya. Ukiwasha simu upya, fungua Briar uandike nywila, la sivyo hupokei kitu. Nywila ukiisahau, akaunti imekwenda. Hakuna pa kuirejesha. Bluetooth ihesabie mita 10 hivi, na ukuta wa tofali unazipunguza. Wa iPhone hawamo kabisa.